Kuinuka Mkekani

Kumtania kivuli ni kazi bure. Hana kofia ya kuvuliwa wala mfuko wa kutiwa mkono. Siku tuliyomzika mzee Kikoti kijijini Lyasa, nusu ya wanawe walihudhuria kama vivuli. Miili yao ilibaki ughaibuni, picha zao za mwanga zikaketi kwenye viti vya plastiki uani zikitikisa vichwa, na kuku wakipita katikati ya miguu yao. Mimi ni mwanamke wa Kingoni, wao ni Wahehe, na Mngoni kwenye msiba wa Mhehe ana haki zake tangu babu zetu walipochoka kupigana. Nilikuwa nimeshavaa koti la marehemu, nimeshakalia kiti chake, nimeshauliza mbwa wake yuko wapi au ndiye yule kwenye sufuria. Nikamfuata mwanawe mkubwa kudai faini, mkono ukampita kifuani ukagonga ukuta. Wafiwa walicheka mpaka wakajifuta machozi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwashika waliobaki wasimfuate maiti.

Katikati ya kicheko hicho binti mmoja akatumwa maji. Alikuwa ameketi mkekani na wanawake, wa miaka kumi na miwili hivi, vigimbi vimejaa. Alijigeuza kwanza akapiga magoti, akashika chini kwa mikono yote miwili, akainua kiuno. Kisha mkono mmoja ukaja gotini, mwingine pajani, akajipanda mwenyewe kama mtu anavyopanda ngazi mpaka akasimama wima. Akaenda kuchota maji akiyumba nyonga. Hakuna aliyemtazama, maana nani hutazama mtoto akiinuka? Mimi hutazama. Ndiyo kazi inayonilisha mjini Iringa: mimi ni msikilizaji katika kliniki ya misuli.

"Baba wa huyu nani?" nikauliza.

"Mimi hapa," akasema Atilio, mtoto wa mwisho wa marehemu, huyu mwenye mwili wake.

"Binti yako ana ugonjwa wa misuli. Mlete kwangu akasikilizwe. Mlete wiki hii hii."

Atilio akapiga paja. "Jamani, mmemsikia Mngoni? Kivuli kimemshinda, sasa anamtaka mwanangu."

"Sitanii, Atilio."

Nilikosea hapo, maana kusema sitanii ndiyo chumvi ya utani wenyewe. Wakacheka zaidi. Nikavua koti la marehemu nikalikunja, nikadhani wakiniona nimelivua watajua nimetoka kwenye utani. Bibi mmoja akasema limenipandisha chawa, ua mzima ukalipuka. Nikamfuata mama wa mtoto, Onolina, nyuma ya jiko. Nikamshika mkono, nikamweleza taratibu, kwamba vigimbi vile si nguvu, ni mafuta na makovu yaliyojaa mahali pa msuli. Naye alikuwa akijizuia kucheka kwa heshima tu. Akanitilia jogoo mikononi.

"Haya mtani, tumekubali kosa. Chukua faini, mwache mwanangu. Miguu ile ni ya mkimbiaji."

Nikarudi mjini na jogoo mapajani. Mara mbili nilimtumia Atilio ujumbe, na mara mbili akanijibu kwa picha ya mtu anayecheka hadi kulia. Ya tatu sikutuma. Jogoo nilimchinja Jumapili, akaniganda kooni.

*

Walikuja baada ya miaka sita. Atilio alimbeba yule binti, Lustika, mgongoni kutoka getini, Onolina akiwafuata nyuma, kwa sababu kiti cha kujiendesha walichokopeshwa na parokia kiliishiwa chaji njiani. Binti alikuwa amekua, ana uso mrefu wa kina Kikoti na macho ya kuchokoza. Akanisalimia shikamoo akiwa juu ya mgongo wa baba yake.

"Marahaba. Wahehe mmeanza lini kupanda watu badala ya farasi?"

"Farasi tuliwanyang'anya nyie, wakafa kwa uvivu," akajibu. Nikampenda papo hapo.

Atilio hakucheka. Alimshusha kitandani, akasimama na kofia mkononi. Alinieleza yote mwenyewe. Binti alianza kuanguka shuleni, wakasema mvivu. Akashindwa ngazi za kanisa, wakasema amerogwa. Wakazunguka kwa waombeaji, wakazunguka kwa waganga, na kila walipolala walimkumbuka Mngoni aliyevua koti.

"Mbona hamkuja?"

"Aibu, mtani. Tulikucheka watu mia nzima. Mtu unaanzia wapi?"

Nikachukua vifaa vyangu.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Tunabandika kiraka laini juu ya ngozi, mgonjwa anakaza msuli, sauti inakuja masikioni mwangu, na mashine tunayoiita Sikio nayo inasikiliza pembeni. Watu hawajui kwamba msuli hutoa sauti. Msuli mzima ukikazwa huunguruma chinichini, kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Nikabandika kiraka kwenye paja la Lustika, nikamwambia ainue goti. Likainuka nusu. Nilichosikia kilikuwa mlio wa mtu anayetembea juu ya maganda ya karanga.

"Nami nataka kusikia," akasema.

Nikamvisha spika za masikio. Nikabandika kiraka kwenye paja langu kwanza, akausikia ule mngurumo, akatabasamu. Kisha la kwake. Alisikiliza kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa.

"Linasema nini?"

"Linachanika," nikamwambia. "Msuli ni nyuzi, na kila uzi una ngozi yake nyembamba. Kuna protini inayoishona ngozi hiyo isipasuke uzi unapovuta. Mwili wako haujui kuitengeneza. Kila ukiinua mguu, kidogo kinapasuka. Mwili unatia kiraka, kinapasuka tena, mpaka viraka vinaisha."

"Kaupata wapi?" akauliza Atilio, na jicho lake likamwendea mkewe. Nimeliona jicho hilo kwa wanaume wengi.

"Kwenu wote wawili. Maagizo ya kushona yanatoka nusu kwa baba, nusu kwa mama. Wewe una nusu nzima na nusu mbovu, mwenzio hivyo hivyo, ndiyo maana mnatembea. Yeye amepokea mbovu na mbovu. Ukitaka wa kumlaumu, anza na kioo."

Onolina akashusha pumzi.

Mwisho nikahamisha kiraka kifuani, upande wa kushoto. Moyo nao ni msuli. Nilisikiliza, nikasogeza kiraka, nikasikiliza tena. Kati ya pigo na pigo palikuwa na mkwaruzo, mdogo, wa mlango uliovimba kwa mvua. Lustika akanyoosha mkono achukue spika. Nikajifanya sijauona, nikazikunja nikazitia kwenye boksi.

*

Dawa ipo. Nisimdanganye mtu, enzi hizi dawa ipo, na nimeona watu waliobebwa wakiondoka na ndoo ya maji kichwani. Tunachukua chembe hai changa za msuli, tunaziita mbegu, kutoka paja la ndugu wa damu, tunarekebisha maagizo yaliyoharibika, tunazikuza kwenye chumba cha joto tunachokiita kitalu. Zikishakomaa zinatiwa mwilini mwa mgonjwa, zinatafuta msuli uliochakaa, zinaota hapo. Watu wanasema fulani amepandwa. Mbegu za Lustika mwenyewe zilikuwa zimechoka kwa kushona viraka tangu utotoni, tukachukua za baba yake. Atilio alilala kwenye kitanda cha kukatwa akitabasamu kama bwana harusi.

Mbegu zikaota vizuri ajabu, na hapo ndipo uchungu wetu ulipoanzia.

Moyo haupandwi. Shamba lolote lazima lipumzike kidogo ndipo mbegu ishike, nao moyo haupumziki hata mara moja. Unaweza kulindwa kwa vidonge tu, na vidonge hivyo vinafaa kabla kovu halijaingia. Angeletwa mwaka ule wa msiba wa babu yake, angelindwa moyo kwanza, kisha angepandwa miguu, na hadithi hii nisingekuwa nayo. Sasa kovu lilikuwa limeshaingia. Miguu mipya ya nguvu inadai damu, na pampu ni ile ile mbovu. Sikio lilipiga hesabu zake na daktari wa moyo akazirudia kwa mkono. Akipandwa, atatembea, na moyo utachoka katika miaka miwili, mitatu kwa bahati. Asipopandwa, ataishi kitini, mashine itamsaidia kupumua usiku, na anaweza kufika miaka arobaini na kitu.

Hesabu hiyo ilibidi itoke kinywani mwangu. Zamani matokeo yalikuwa yanakuja kwenye simu. Watu walisoma vifo vyao wakiwa sokoni wanachagua nyanya. Ikapitishwa Sheria ya Kinywa: mashine inajua lakini haisemi, mtu mwenye pumzi ndiye asemaye, ana kwa ana, na anachosema ndicho mgonjwa anachoamulia. Sheria nzuri. Ila waliotunga hawakufikiri kwamba kinywa kina jamaa.

Lustika, kwa adabu yake, aliomba wazazi waambiwe kwanza. Nikawakalisha kwenye baraza la nyuma la kliniki, nikawaambia bila kupunguza. Atilio akageukia milima.

"Mwambie mbegu zimeota," akasema. "Ya moyo tuachie sisi. Mtoto amelia miguu miaka sita. Atembee. Akijua ya moyo, kila hatua ataihesabu, haitakuwa furaha tena."

"Hapana," akasema Onolina.

"Mama Lustika..."

"Nimesema hapana. Wewe unataka kumwona akitembea, kisha umzike. Mimi nataka kumsikia akiniita kutoka chumbani mpaka nizeeke." Akanigeukia, akanishika magoti yote mawili. Mikono yake ilikuwa ya moto. "Mtani, mwambie mbegu zimekufa kitaluni. Basi. Atalia mwezi, atazoea. Nitambeba. Nimembeba siku zote, mgongo huu ni wangu."

"Nimeapa, Onolina. Siwezi kumwambia mgonjwa uongo."

"Wewe si mtani wetu? Uongo wa mtani hauna dhambi. Siku ile ulisema kweli, sisi tukaona utani. Leo sema utani, yeye auone kweli. Tufanyie hilo tu."

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa na meno yote, na sijawahi kuombwa kwa maneno mazuri kama yale. Nilitamani kumkubalia. Nasema wazi, nilitamani sana. Mwenyewe niliona kiti ni bora kuliko kaburi. Mwalimu Kalolo wa shule ya ufundi ana ugonjwa kama huo, anaendesha shule nzima akiwa kitini, ameoa, na wanafunzi wanamwogopa kama radi. Nilichowaza nilipokuwa naelekea chumbani kwa Lustika ni kwamba nikimwambia kweli yote, mwenyewe atachagua kiti, mama atampata mwanawe, na mimi nitakuwa sijavunja kiapo. Nilijipangia hivyo, nikaingia na moyo mwepesi kidogo.

*

Alikuwa ameketi dirishani, kitini, anachambua maharage kwenye ungo aliouomba jikoni kwa sababu hapendi mikono yake ikae bure.

"Mama analia," akasema. "Namsikia kutoka huku. Kwa hiyo ni mbaya."

"Ni mbaya na ni nzuri."

"Kabla hujasema, nikuulize. Siku ya msiba wa babu unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Mimi sikucheka. Watu wote walicheka, mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilikuwa najua miguu yangu inanidanganya, ila sikuwa na maneno ya kusema. Ukayasema wewe. Nikangoja mtu mmoja akuamini, angalau mmoja." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Nilitaka kusema huyu mama hatanii. Lakini mtoto anasemaje mbele ya wakubwa? Sasa leo, chochote walichokuomba pale barazani, mimi niambie kama siku ile."

Nikavuta kigoda nikakaa. Nikamwambia yote, mbegu, miguu, moyo, miaka ya huku na miaka ya kule. Nikamwambia na lile alilolitaka baba na lile alilolitaka mama, maana nilijua mwisho atayasikia. Maharage yalibaki mkononi mwake.

"Ungekuwa wewe?" akauliza.

"Ningekaa kitini. Ningewatukana watu wa Iringa nzima mpaka nifikishe miaka sabini."

Akacheka, kicheko cha kweli, kisha kikaisha. "Mwalimu Kalolo amechagua kiti na kinampendeza. Simdharau, namwonea wivu. Lakini mimi unajua ninachokitaka? Hata si kukimbia. Nataka kukaa chini. Misiba yote, harusi zote, wanawake wako mkekani wanachambua mchele, wanasengenya, wanalaliana mapajani. Mimi niko juu kwenye kiti na wazee wa kiume, nanuka pombe yao ya ulanzi. Nikishushwa mkekani, kuinuka ni watu wawili wanikamate makwapa, na wote wanyamaze mpaka nisimame. Nataka kukaa chini nikiitwa, na kuinuka nikitumwa."

"Hilo tu?"

"Kwako ni hilo tu kwa sababu unalo."

Nikasogeza kigoda karibu. Ni mara chache Mhehe kuninyamazisha.

"Fikiri wiki nzima," nikasema. "Fikiri na mama yako."

"Mama nitamwumiza kwa vyovyote. Nikikaa kitini nitamwumiza mgongo, nikipandwa nitamwumiza moyo." Akaanza tena kuchambua. "Naogopa, usidhani siogopi. Nishike mkono kidogo."

Nikamshika. Mkono ulikuwa mwembamba na wenye vumbi la maharage. Tulikaa hivyo mpaka mwanga ukahama dirishani.

"Siku yangu ikifika," akasema, "usije na uso wa kanisani. Njoo kama mtani. Vaa kitu changu, uwacheke. La sivyo nitajua umenichukia."

Alifikiri wiki nzima, kama nilivyomwomba. Kisha akaweka dole gumba lake mwenyewe kwenye kioo cha idhini, akapandwa. Onolina alikuwa amesimama koridoni. Nilipompita nikasema pole, akageuza uso ukutani. Tangu siku ile hakunisalimia tena.

*

Nilimwona Lustika akiwa mzima mara nyingi kliniki, lakini ninayoikumbuka ni mara moja tu, kwenye sherehe ya kumuaga binamu yake aliyekuwa anaolewa, pale Lyasa. Nilikwenda kudai mguu wa mbuzi. Nikamkuta mkekani, katikati kabisa, kichwa cha shangazi yake kikiwa pajani mwake, anamsuka huku anamsengenya mtu aliyekuwa mita mbili kutoka hapo. Mtu akataka aletewe chumvi kutoka jikoni. Lustika akakunja miguu, akasukuma, akasimama, mikono ameiacha hewani. Hakuna aliyenyamaza wala kumtazama. Alikwenda jikoni kwa mwendo wa Atilio, kifua mbele na visigino vinagonga ardhi. Zile mbegu zilikuja na maringo yake. Onolina alikuwa mlangoni na mwiko. Alimfuata mwanawe kwa macho mpaka alipopotea ndani ya moshi, kisha akaniona mimi, akarudi jikoni.

Kila alipokuja nilimsikiliza. Mapaja yalinguruma vizuri, ungedhani una mashine mbili za kusaga. Kifuani ule mlango ulizidi kuvimba. Nilimwambia kila mara, naye aliitikia kila mara, "Nimesikia, mtani," akavaa viatu.

Alifikisha mavuno mawili ya mahindi. Asubuhi moja, wakati maharage ya msimu wa tatu yanatoa maua, alitoka shambani na wenzake, akasema amechoka kidogo, akaketi kwenye majani kando ya njia. Wenzake walimngoja wakipiga soga. Walipomwita waende, hakuinuka.

*

Nilifika Lyasa nikiwa na uso wa kanisani, licha ya maagizo yake yote. Ua ulikuwa umejaa. Vivuli vya baba zake wakubwa viliketi kwenye viti vile vile. Kwenye mikeka ya wanawake palikuwa na Onolina, khanga imemfunika mpaka paji la uso. Atilio alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, hana kofia, ameuweka mkono juu ya paja lake pale tulipomkata kuchukua mbegu. Watu waliponiona wakasogea, wakanipisha. Walijua nimekuja kufanya nini, na hakuna aliyetaka nikifanye.

Nikaingia ndani nikatoka na sweta la Lustika, la kijani, limenibana mabegani. Nikasema, "Huyu binti yenu mchoyo, amenunua sweta la mtoto ili Mngoni asiweze kurithi." Nikamwendea kivuli kimoja nikadai faini, kikainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka. Lakini mtani akishaanza hana ruhusa ya kuacha, na nilikuwa nimeahidi.

Kuna lile ambalo mtani hufanya mwisho, kumwiga marehemu. Ukimwiga vizuri, watu humwona mara moja tena, kisha humwachia aende. Nikaketi katikati ya mkeka wa wanawake. Nikageuka nikapiga magoti, nikashika chini kwa mikono miwili, nikainua kiuno, nikaweka mkono gotini, kisha pajani, nikajipanda kama nilivyomwona akijipanda siku ya msiba wa babu yake. Nikasimama nikiyumba. Nilisikia mtu akishtuka, na kwikwi ya Atilio ukutani. Nikajua nimeharibu, nikatamani ardhi inimeze.

"Mngoni."

Ilikuwa sauti ya Onolina. Alikuwa ameishusha khanga. Macho yake yalikuwa yamekauka na mekundu, yananitazama moja kwa moja, mara ya kwanza tangu koridoni kule.

"Unakosea," akasema. "Mwanangu hakuwa anainuka hivyo. Anza tena."

Nikarudi mkekani. Mimi ni mtu mzima, magoti yangu yamekula chumvi nyingi, na mwili wangu si wa msichana. Nikakunja miguu kama alivyoikunja yeye siku ile ya chumvi. Nikaiacha mikono hewani mama yake aione kuwa haishiki kitu, nikasukuma. Nikadondokea makalio. Ukutani Atilio akacheka, kicheko kibovu chenye kamasi, na wanawake wawili watatu wakamfuata, wakaziba midomo kwa khanga. Mtu akasema Wangoni ndiyo maana walikimbia hadi Songea, kuinuka kunawashinda.

Nikasukuma tena. Magoti yalilia, nikaenda juu, nikasimama bila kushika kitu. Kisha nikatembea hatua chache kuelekea jikoni, kifua mbele, visigino vinagonga ardhi.

Onolina alinifuata kwa macho mpaka nilipofika mlangoni.

"Eeh," akasema. "Hivyo. Hivyo ndivyo alivyokuwa."

Akajisogeza mkekani, akapigapiga nafasi pembeni yake kwa kiganja. Nikaenda nikaketi, bega langu likagusa lake. Akaishika mikono ya sweta la kijani, akaivuta ifike kwenye viganja vyangu, kama mama anavyomvisha mtoto asubuhi ya baridi.

"Inuka tena," akaniambia, "nimwone."

Nikainuka tena.